Dakar Haikusema Hapana

Mwishoni mwa Novemba 2005 Senegal ilitoa majibu matatu kwa swali moja, ndani ya siku tatu. Swali lilikuwa limetoka Brussels: mtatukabidhi Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, tumfikishe mahakamani? Ijumaa tarehe 25 Mahakama ya Rufaa ya Dakar ilijibu kwamba haina mamlaka ya kuamua ombi linalomhusu mtu aliyepata kuwa mkuu wa nchi. Jumamosi Waziri wa Mambo ya Ndani akatoa amri Habré awekwe mikononi mwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, ambaye mwaka ule alikuwa Rais Olusegun Obasanjo wa Nigeria, na kwamba saa 48 zikiisha apelekwe huko. Jumapili Waziri wa Mambo ya Nje, Cheikh Tidiane Gadio, akatangaza kwamba Habré haendi kokote. Atabaki Dakar hadi wakuu wa nchi za Afrika watakapokutana Khartoum mwezi Januari, na wao ndio watakaosema nani anafaa kumhukumu.

Ukiyasoma haraka majibu hayo utadhani ni vurugu za serikali isiyojua mkono wa kulia unafanya nini. Ukiyarudia taratibu utaona yanapatana vizuri sana. Hakuna aliyesema ndiyo, na hakuna aliyesema hapana. Kila mmoja alimwonyesha Mbelgiji mlango wa jirani.

Kwa sheria, Senegal ilikuwa na nafasi ndogo ya kuchezea kuliko ilivyojifanya. Mwaka 1986 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji, na mkataba huo una kifungu ambacho hakihitaji wakili kukifafanua: mtu anayetuhumiwa kutesa watu akikutwa nchini mwako, mshtaki wewe mwenyewe au mkabidhi kwa anayetaka kumshtaki. Njia ya tatu, ya kumweka tu na kumtazama akizeeka, haimo. Senegal ilikaa katika njia hiyo isiyokuwemo kwa zaidi ya miaka kumi.

Habré mwenyewe alikuwa nani? Mtoto wa jangwani kaskazini mwa Chad, aliyezaliwa Faya mwaka 1942, akasoma Paris, akarudi kuwa mpiganaji wa msituni, kisha tarehe 7 Juni 1982 akaingia N'Djamena na kumwondoa Goukouni Oueddei. Marekani na Ufaransa zilimpa silaha na fedha kwa sababu moja kubwa, nayo ni Muammar Gaddafi wa Libya. Wakati ule aliyempiga Gaddafi alisamehewa mengi, na mwaka 1987 Rais Reagan alimkaribisha Habré Ikulu ya Washington. Nyumbani alikuwa na polisi wa siri, DDS, waliowajibika kwake moja kwa moja. Moja ya magereza yao ilikuwa bwawa la kuogelea la enzi ya Wafaransa, lililofunikwa kwa zege na kugawanywa vyumba chini ya ardhi. Watu waliliita La Piscine, yaani Bwawa. Tume ya uchunguzi ya Chad, iliyoongozwa na Mahamat Hassan Abakar, ilikadiria mwaka 1992 kwamba utawala ule uliua watu wapatao 40,000. Makadirio hayo yamebishaniwa. Makaratasi ya DDS yenyewe hayana ubishi: mwaka 2001 wachunguzi wa Human Rights Watch waliyakuta yametapakaa sakafuni kwenye makao makuu yaliyotelekezwa, na yalipochambuliwa yakatoa majina ya wahanga 12,321, wakiwemo 1,208 waliofia kizuizini.

Idriss Déby alipompindua tarehe 1 Desemba 1990, Habré alikimbia kupitia Cameroon hadi Dakar, huku hazina ya Chad ikiwa imepungukiwa na zaidi ya faranga bilioni 3 za CFA. Rais Abdou Diouf alimpokea. Haikuwa ajabu. Mengistu Haile Mariam alipokelewa Harare miezi michache baadaye, mwaka 1991, na Ethiopia ilipomtaka Zimbabwe ilikataa. Idi Amin aliishi Jeddah hadi alipofariki mwaka 2003 bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Rais aliyeanguka, kwa desturi ya enzi hizo, alikuwa mgeni, na mgeni wa rais haulizwi alikotoka alifanya nini. Habré alijua kuutumia ugeni wake. Alinunua nyumba, akajenga urafiki na wakubwa wa dini na wa siasa, akajulikana mtaani Ouakam kuwa mcha Mungu mwenye mkono mwepesi wa kutoa.

Hesabu hiyo ilivurugwa na watu wawili. Wa kwanza ni Augusto Pinochet, kwa kukamatwa London mwezi Oktoba 1998 kwa hati ya jaji wa Hispania. Wa pili ni Souleymane Guengueng, mhasibu wa Chad aliyetoka gerezani mwaka 1990 akiwa nusu mfu na kuanza kukusanya ushuhuda wa wenzake, mmoja mmoja, hadi ukafika 792. Akauficha kwa miaka. Wahanga walipoona kwamba London inaweza kumshika dikteta wa Chile, waliuliza kwa nini Dakar isimshike wa kwao. Tarehe 26 Januari 2000 walifungua malalamiko Dakar, na tarehe 3 Februari Jaji Demba Kandji akamfungulia Habré mashtaka ya kushiriki katika utesaji. Siku nane tu. Sijui jaji mwingine wa Kiafrika aliyewahi kufanya hivyo kwa rais wa nchi nyingine kabla yake.

Kisha ukaja uchaguzi. Machi 2000 Abdoulaye Wade alimshinda Diouf, na miongoni mwa watu wake wa karibu alikuwemo Madické Niang, wakili wa Habré. Baraza la juu la mahakama, ambalo mwenyekiti wake ni rais, lilimhamisha Kandji na kumpandisha cheo jaji aliyekuwa akiongoza jopo lililosikiliza pingamizi la Habré. Jopo hilo likaifuta kesi Julai 2000, na Machi 2001 mahakama ya juu ikathibitisha: Senegal iliridhia mkataba lakini haikuuingiza katika sheria zake, basi majaji wake hawana meno kwa makosa yaliyotendwa nje ya nchi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionyesha wasiwasi juu ya hamisho lile. Niang baadaye akawa Waziri wa Sheria, halafu Waziri wa Mambo ya Nje. Msomaji na aweke mambo haya kando kwa kando, maana sitaki kumlisha maneno.

Wade aliona njia rahisi. Aprili 2001 alisema hadharani kwamba amempa Habré mwezi mmoja aondoke Senegal. Ingekuwa nafuu kwa kila mtu isipokuwa wahanga: Habré angetafuta nchi isiyo na jaji wa aina ya Kandji, na Dakar ingenawa mikono. Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji iliisihi Senegal isimwache aondoke, naye Kofi Annan akaongeza uzito wake. Septemba mwaka huo Wade akakubali kumweka Habré hadi nchi yenye uwezo wa kumpa kesi ya haki itakapomwomba. Nadhani aliamini nchi hiyo haitatokea.

Ikatokea Ubelgiji. Wahanga walikuwa wamepeleka malalamiko Brussels tangu Novemba 2000, wakiwemo Wachad waliokwisha kupata uraia wa Ubelgiji. Nchi hiyo ilikuwa na sheria iliyowaruhusu majaji wake kushughulikia uhalifu mkubwa popote ulipotendwa, na mwaka 2001 ilikuwa imewahukumu Wanyarwanda wanne kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Wasomaji wa Lubumbashi na Bukavu watakumbuka mkasa mwingine wa sheria hiyo: hati ya mwaka 2000 dhidi ya Abdoulaye Yerodia, Waziri wa Mambo ya Nje wa Congo, ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliifuta Februari 2002 kwa sababu waziri aliye kazini ana kinga. Habré hakuwa kazini. Na kinga aliyobaki nayo, kama alikuwa nayo, ilikuwa mali ya Chad.

Hapa ndipo kesi hii inapotofautiana na ya Pinochet, na ndipo utetezi wa Dakar unapovuja. Pinochet alipokuwa kizuizini Uingereza, serikali ya Chile, iliyokuwa na wapinzani wake wa zamani, ilisimama kidete kudai arudishwe nyumbani. Ilisema ni suala la mamlaka ya taifa. Mwishowe Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Jack Straw, alimwachia mwezi Machi 2000 kwa kigezo cha afya, na Waingereza wakajinasua kwa cheti cha daktari. Senegal haikuwa na cheti, wala haikuwa na Chile. Oktoba 2002 serikali ya Chad iliiandikia Ubelgiji kwamba Habré hana kinga yoyote. Nchi iliyokuwa na haki ya kulalamika haikulalamika. Heshima ya nani, basi, ilikuwa inalindwa pale Dakar?

Jaji Daniel Fransen wa Brussels alikwenda Chad mwaka 2002, akaingia hadi kwenye magereza. Mwaka uliofuata Ubelgiji iliifuta sheria yake pana, baada ya Marekani kutishia mustakabali wa makao makuu ya NATO mjini Brussels, lakini faili la Habré lilinusurika. Tarehe 19 Septemba 2005 Fransen alitoa hati ya kimataifa ya kukamatwa. Tarehe 15 Novemba Senegal ikamkamata Habré. Siku kumi baadaye yakafuata yale majibu matatu.

Kumpeleka kwa Obasanjo kulikuwa na kejeli yake. Wakati huohuo Obasanjo alikuwa akimhifadhi Charles Taylor, rais wa zamani wa Liberia, mjini Calabar, tangu Agosti 2003, na mahakama maalumu ya Sierra Leone ikimtaka. Nigeria nayo ilikuwa na jibu lake: hatumtoi kwa mahakama, tutamtoa tu kwa serikali iliyochaguliwa na Waliberia wenyewe. Lilikuwa jibu la kukwepa, lakini lilikuwa na sharti linaloweza kutimizwa. Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa kuwa rais wa Liberia Januari 2006, akamwomba Taylor, na Obasanjo tarehe 25 Machi akasema Liberia iko huru kumchukua. Taylor akatoroka, akanaswa tarehe 29 kwenye mpaka wa Cameroon. Tangu ombi hadi pingu, ni majuma machache. Tofauti na Dakar ni hiyo: Obasanjo alijifunga kwa neno lake, Wade alilegeza lake kila lilipokaribia kumbana.

Lakini kulipeleka suala kwa Umoja wa Afrika kulikuwa na hatari ambayo Wade, mwanasheria msomi, bila shaka aliiona na kuidharau. Kikao cha Khartoum cha Januari 2006 kiliunda kamati ya wanasheria. Wahanga walitarajia mazishi ya heshima. Badala yake, tarehe 2 Julai 2006 mjini Banjul, wakuu wa nchi waliiagiza Senegal imhukumu Habré "kwa niaba ya Afrika". Walikuwa na sababu zao. Marais wengi walichukizwa na hati za majaji wa Ulaya, na wa Ubelgiji hasa, nchi ambayo historia yake Congo haiipi ruhusa ya kuwafundisha Waafrika ubinadamu. Hoja hiyo ina nguvu na siipuuzi. Ila hoja ya kwamba Mwafrika ahukumiwe Afrika ina gharama moja: lazima Afrika imhukumu. Banjul ilirudisha mzigo kwenye mlango ulikotoka, na sasa ulikuwa na muhuri wa bara zima.

Wade alipokea agizo hilo kwa fahari. Sheria zikarekebishwa mwaka 2007, katiba mwaka 2008. Halafu likaibuka suala la fedha. Senegal ilitaka euro milioni 27.4 zikae mezani kabla ya hakimu kufungua faili. Wafadhili waliuliza maswali, wataalamu wakapunguza hesabu, na miaka mitatu ikayeyuka. Mapema mwaka 2009 Wade aliwaambia waandishi wa habari kwamba fedha zisipopatikana hataendelea kumweka Habré. Ubelgiji, iliyochoka kupigwa danadana, ilikimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, tarehe 19 Februari 2009 kuishtaki Senegal. Mbele ya majaji Senegal iliahidi kwamba Habré hatatoka, nao wakaridhika na ahadi hiyo. Novemba 2010 wafadhili walikutana Dakar na kuahidi euro milioni 8.6, bajeti nzima iliyokubaliwa. Kisingizio cha fedha kikafa pale.

Majuma hayohayo kikazaliwa kingine. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, iliamua tarehe 18 Novemba 2010, kwa maombi ya Habré mwenyewe, kwamba mahakama za kawaida za Senegal zisimhukumu kwa sheria iliyotungwa baada ya matendo, ila chombo maalumu chenye sura ya kimataifa. Umoja wa Afrika ukaandaa rasimu ya chombo hicho. Mei 2011 ujumbe wa Senegal ulijitoa katika mazungumzo ya Addis Ababa. Hata Arusha iliguswa na kesi hii: hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Desemba 2009, ilitokana na maombi ya raia wa Chad aliyetaka kesi ya Habré isimamishwe. Mahakama iliyatupa kwa kuwa Senegal haikuwa imetoa tamko la kuruhusu mtu binafsi kuishtaki pale.

Kisha zikaja siku tatu za Julai 2011, ambazo kwangu zinaonyesha serikali ya Wade ilivyokuwa kuliko hotuba zake zote. Tarehe 8 Senegal ilitangaza kwamba Habré atarudishwa Chad tarehe 11. Chad ilikuwa imekwisha kumhukumu kifo bila yeye kuwepo, mwaka 2008. Waliolia kwa sauti kubwa zaidi kuupinga uamuzi huo walikuwa wahanga wake. Hawakumtaka auawe N'Djamena na serikali yenye watu waliotumikia pamoja naye. Walitaka asikilizwe, ajibu, ahukumiwe. Déby mwenyewe alikuwa mkuu wa majeshi wa Habré hapo zamani. Navi Pillay, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, aliisihi Senegal, na tarehe 10 Wade akabatilisha. Mwezi huohuo Chad ikasema afadhali Habré apelekwe Ubelgiji. Ubelgiji ikaomba tena, na tena. Mara mbili mahakama ya Dakar ikajibu kwamba nyaraka zina kasoro. Nyaraka za nchi iliyoishtaki Senegal The Hague kwa suala hilohilo.

Mawakili wa pande mbili walijibizana The Hague kati ya tarehe 12 na 21 Machi 2012, katikati ya duru mbili za uchaguzi wa Senegal. Tarehe 25 Wade akashindwa na Macky Sall. Hukumu ilisomwa tarehe 20 Julai, nayo ilibomoa visingizio kimoja baada ya kingine. Uhaba wa fedha hauondoi wajibu. Sheria za ndani haziondoi wajibu. Kulipeleka suala kwa Umoja wa Afrika hakuondoi wajibu. Uamuzi wa ECOWAS nao haucheleweshi. Kwa kauli moja majaji waliiamuru Senegal ifikishe kesi kwa waendesha mashtaka bila kuchelewa zaidi, kama haimkabidhi.

Sall hakumkabidhi. Alichagua kumhukumu, na kasi aliyokwenda nayo ndiyo hati ya mashtaka dhidi ya mtangulizi wake. Agosti 2012 Senegal na Umoja wa Afrika zilisaini makubaliano ya kuunda Mahakama Maalumu za Afrika ndani ya mahakama za Senegal. Februari 2013 zikafunguliwa. Tarehe 30 Juni 2013 Habré alikamatwa. Yaliyoshindikana kwa miaka kumi na miwili yalichukua miezi kumi na mitano, kwa euro milioni 8.6 zilezile zilizoahidiwa enzi za Wade. Waziri wa Sheria wa wakati ule, Aminata Touré, hakuwa na utajiri mpya. Alikuwa na rais aliyetaka.

Kesi ilianza tarehe 20 Julai 2015 chini ya Jaji Gberdao Gustave Kam wa Burkina Faso, aliyewahi kukaa kitini Arusha kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Habré aliikana mahakama, na Septemba ilibidi walinzi wambebe kumwingiza ukumbini. Mashahidi 93 walisimama. Walikuwemo wanawake waliopelekwa kambi za jeshi jangwani kutumikishwa kingono, na ushuhuda wao ulibadili mwelekeo wa mashtaka. Guengueng aliketi na kumtazama. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na utesaji, na Aprili 2017 rufaa ikathibitisha kifungo hicho.

Wapo wanaosema leo kwamba Wade alikuwa na hekima: laiti angemtoa mwaka 2005, Afrika isingepata kesi yake. Sikubaliani nao. Kila mlango Wade alioufungua aliufungua ili atokee, siyo ili Habré aingie mahakamani. Kilichomgeuza mgeni wa Dakar kuwa mshtakiwa ni ukaidi wa wahanga, wakili wao Jacqueline Moudeina aliyenusurika bomu la mkono N'Djamena mwaka 2001, na Ubelgiji iliyokataa kuchoka. Wapo wahanga waliofariki wakisubiri Senegal imalize kufikiri.

Habré alifariki Dakar tarehe 24 Agosti 2021 kwa UVIKO-19, akiwa bado mfungwa. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeagiza fidia ya zaidi ya faranga bilioni 82 za CFA kwa wahanga 7,396, kupitia mfuko ulio chini ya Umoja wa Afrika. Siku anazikwa, mfuko huo ulikuwa haujamlipa hata mmoja. Mwaka 2024 serikali ya Chad ilianza kugawa faranga bilioni 10 zake. Zilizobaki ni deni la wale waliotamka Banjul kwamba kesi hii ni ya Afrika nzima, na wanapaswa kulilipa wahanga wangali hai.